Freti Tatu Nyuma

Karakanani walimwita Mkasi, na aliyedhani jina lile lilitokana na kazi yake ya kukata vitambaa alikuwa bado hajazozana naye. Mkasi wa kweli ulining'inia msumarini na mara nyingi ulikuwa butu. Ulimi wake haukuhitaji tupa. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amesimama mbele ya meza ndefu, akitandaza kitambaa cha sare za shule tabaka juu ya tabaka, arobaini kwa mpigo. Juu yake aliweka kiolezo cha kadibodi, akakizungushia chaki, kisha akapitisha kisu cha umeme. Akikosea kidogo tu, watoto arobaini wanakwenda shule na kola zinazowakaba. Kwa hiyo hakukosea. Na kwa kuwa hakukosea, hakuwa na subira na wanaokosea, wala wanaochelewa, wala yule meneja aliyepita kila asubuhi na kumwambia, "Tabasamu kidogo, mama, kazi iende."

"Kitambaa hakina macho," alimjibu. "Hakijui kama nimenuna."

Siku moto wake ulipowaka hasa ilikuwa Jumapili, mdogo wake alipokuja kuwatembelea. Mdogo wake huyu alikuwa mpiga gitaa wa hoteli, mtu wa koti jeupe na viatu vya kung'aa, na alikuja kumwona baba yao mara moja kwa mwezi akiwa na pakiti ya biskuti. Dada mtu ndiye aliyeishi na baba. Ndiye aliyempashia maji ya kuoga, akamkata kucha, akamshika mkono kwenda msalani miguu ilipomgomea. Lakini biskuti zilipotua mezani, mzee alizishangilia kana kwamba ameletewa ng'ombe mzima.

Mdogo mtu akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri mfukoni. Chama cha wanamuziki wa zamani kilikuwa kimeamua kumuenzi baba yao, Mzee Vidole, kama alivyojulikana tangu enzi za bendi yake. Ingekuwa baada ya wiki sita, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa jamii. Mkasi aliisoma ratiba akiwa amesimama. Hotuba ya mwenyekiti. Bendi. Wimbo maarufu wa Mzee Vidole, utakaopigwa na mwanawe. Mzee Vidole kumkabidhi mwanawe gitaa na wimbo. Na chini kabisa, chini hata ya mtu wa kupanga viti: chakula na chai, dada.

"Kumbe na wimbo nao unakabidhiwa?" aliuliza.

"Eh, dada. Unaandikwa kabisa kwenye daftari la chama kwamba kuanzia siku hiyo ni wangu. Asije mtu akaupora."

"Akaupora," alisema Mkasi.

"Si unawajua watu."

"Nawajua sana."

Mzee alicheka kutoka kitandani, makombo ya biskuti kidevuni. Juu ya kichwa chake, kwenye ukuta, gitaa lilining'inia pale lilipokuwa siku zote. "Mwache dada yako apike," alisema. "Kila mtu na fani yake. Muziki atuachie sisi."

Mkasi akaenda jikoni akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu jana. Aliisugua mpaka mdogo wake akaaga akaondoka, na bado akaendelea. Ilikuwa hasira ya namna ile inayoitafutia mikono kazi, maana mikono hiyo ikikaa bure itafanya mengine.

Wimbo ule ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyeutunga.

Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu, ametolewa shule ili amsaidie mama kushona. Waliishi kwenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia: upande huu mama na cherehani yake ya miguu, upande ule baba na gitaa. Mama alipotoka kupeleka nguo za watu, binti alibaki na mapindo ya mashuka, kazi ndefu yenye kuchosha kuliko zote za cherehani, na ili asisinzie akajitungia wimbo. Ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza aliiimba cherehani ikiwa imetulia, anapotunga uzi kwenye sindano na kugeuza shuka. Ya pili aliiimba cherehani ikikimbia kwenye pindo refu lililonyooka. Hiyo ya pili ndiyo aliyoipenda zaidi, kwa sababu ilipanda, ikazunguka kidogo huko juu, kisha ikarudi chini taratibu, pindo likawa limekwisha.

Siku moja alisikia sehemu ya kwanza ikitoka upande wa pili wa pazia, kwenye gitaa. Mtoto alifurahi jamani! Alidhani baba anamjibu. Akasubiri aitwe, akasubiri wiki nzima, mwezi mzima. Mwaka uliofuata wimbo ukawa redioni na jina la baba likatajwa kabla yake na baada yake. Pale palipotakiwa kuwa na sehemu ya pili, baba alipiga gitaa kwa kasi, noti zikamwagika kama mahindi ya gunia lililopasuka, na watangazaji wakasema hicho sasa ndicho kipaji. Binti alikuwa ameshajua kushona. Kiraka alikijua akikiona.

Alisema mara moja tu, akiwa na miaka kumi na mitano. Siku hiyo alilishusha gitaa ukutani ili aonyeshe kwa vidole kile ambacho hakuweza kukieleza kwa maneno, na baba akamchapa mkono uliolishika. "Umezaliwa juzi," akamwambia, "unatunga nini wewe? Mikono ya kushona ikashone." Mama akamvuta jikoni akamnong'oneza, "Funika kombe mwanaharamu apite." Basi kombe likafunikwa. Likafunikwa mpaka mama akafa, mpaka binti akawa na mvi, na huyo mwanaharamu hakupita, aliketi humo humo ndani akila biskuti.

Sasa kuna jambo ambalo baba na mdogo wake hawakulijua. Kwa miezi mitano Mkasi alikuwa akijifunza gitaa.

Mwalimu wake alikuwa fundi redio mwenye kibanda nyuma ya karakana, mzee mwembamba aliyeitwa Waya, ambaye zamani alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya Mzee Vidole. Mkasi alikuwa amempelekea redio ya baba itengenezwe, akaona gitaa kuukuu limeegemezwa ukutani katikati ya spika mbovu, na mdomo ukamtangulia.

"Nifundishe hilo, baba mdogo."

Waya alimtazama juu ya miwani. "Umri huu?"

"Umri huu ndio ninao. Mwingine nitautoa wapi?"

Tangu siku ile, kila saa ya chakula cha mchana, wenzake walipokuwa wakipanga foleni kwa mama muuza chai, yeye alikuwa kibandani kwa Waya, amekaa juu ya kreti ya soda. Waya alimfundisha bluzi, kwa kuwa ndiyo aliyoijua. Alimwambia skeli ni ngazi ya noti, na kwamba bluzi haihitaji ngazi ndefu: noti tano tu zinatosha, na mafundi huiita pentatoniki. Akaanza kumwonyesha ile ya maina, ya majonzi. Kidole cha shahada kinakaa freti ya tano, yaani nyuma ya kile chuma cha tano kilicholala kwenye shingo ya gitaa, na vidole vingine vinashuka kufuata umbo fulani juu ya nyuzi sita. Waya alilichora umbo hilo kwa kalamu kwenye karatasi. Mkasi alilitazama mara moja akalishika. Kushika maumbo ndiyo kazi iliyomlea.

Na maina ilimfaa. Ilikuwa skeli ya mtu mwenye lake moyoni. Aliipiga kwa nguvu, akivuta nyuzi mpaka zikalia, na ncha za vidole zikaota sugu juu ya zile alizokuwa nazo. Waya alikuwa akitikisa kichwa. "Unapiga kama mtu anayegonga mlango wa kituo cha polisi," alimwambia.

Jumatatu baada ya ile Jumapili ya biskuti, Mkasi aliingia kibandani bila salamu.

"Nataka wimbo wa mzee. Nina wiki sita."

"Shikamoo haipo siku hizi?"

"Shikamoo baba mdogo. Nataka wimbo wa mzee."

Akaujaribu palepale kwa zile noti tano anazozijua. Ukatoka wimbo wa matanga. Kila mahali ulipotakiwa kuinua uso, uliinama. Akaujaribu tena, na tena, akaupiga ubao wa gitaa kofi.

"Usilipige, halijakukosea," alisema Waya. "Wimbo ule si wa maina, mama. Ni wa meja. Ni noti tano vilevile, ila zina utamu. Na meja, nikwambie ukweli, inataka mtu atabasamu kwanza. Lainisha uso kidogo ndipo..."

Hakumaliza. Mkasi aliweka gitaa chini polepole, na waliomjua wangekimbia.

"Meneja ananiambia nitabasamu. Kondakta ananiambia nitabasamu. Daktari ananichoma sindano ananiambia nitabasamu. Wewe uliwahi kumwambia mzee atabasamu? Alivyokuwa anapiga amekunja uso kama amemeza ndimu, uliwahi?"

Waya alifikiri. "Sikuwahi."

"Basi niambie vidole viende wapi. Uso niachie mwenyewe."

Mzee wa watu akaguna, akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu aliyetandikwa fimbo ukubwani, "Umbo ni lilelile. Lirudishe nyuma freti tatu. Kutoka ya tano, kaa ya pili."

"Basi?"

"Basi."

Jambo hilo alilielewa kuliko yote aliyokwisha kufundishwa. Kiolezo kimoja, mahali pengine kwenye kitambaa. Jioni ile, wenzake walipokuwa wakifungasha, alibaki dakika kumi kwenye meza yake. Mchana alikuwa ameipima shingo ya gitaa kwa futikamba, na alikuwa amegundua kitu ambacho Waya hakukitaja: kadiri unavyorudi nyuma kuelekea kichwa cha gitaa, freti zinaachana. Yaani umbo ni lilelile lakini saizi ni kubwa. Hilo nalo halikumsumbua, maana sare ya mtoto wa darasa la kwanza na ya darasa la saba ni kiolezo kimoja kilichotanuliwa. Akakata kadibodi mpya, saizi kubwa, akaitoboa matundu kumi na mawili, mawili kwa kila uzi. Angeilaza kwenye shingo, apitishe chaki kwenye matundu, aiondoe, na noti zingekuwa zimekaa pale zikimsubiri.

Kesho yake alifanya hivyohivyo. Akapiga. Waya akamfuata kwa gitaa lake la besi, akidhani wako wote freti ya pili. Hata paka wa Waya alitoka nje.

Haukuwa utamu, haukuwa hata majonzi. Ulikuwa uchachu mtupu. Mara nne alirudia, na mara nne Waya alikunja uso. "Sijui umefanyaje," alisema Waya, "lakini hiyo siyo." Na kwa kuwa Mkasi hakuwa mtu wa kukosea vipimo, alilichukua kosa zima akalibandika kwa mwenzake.

"Umenidanganya. Unamlinda rafiki yako."

"Mimi?"

"Wewe. Mlikula naye, mkanywa naye, sasa mnalindana. Freti tatu! Freti tatu za uongo!"

Akaondoka. Kwa siku tatu hakukanyaga kibandani. Alikata suruali mia nane kwa siku tatu hizo, akagombana na mfungaji vifungo, na mwenye pasi, na mlinzi wa geti. Nyumbani alimpa baba chai bila kusema naye, na mzee akalalamika kwamba chai haina sukari, na ilikuwa na sukari.

Siku ya nne alikuwa akitundika kiolezo cha sketi msumarini, akakiona kile cha gitaa kando yake. Macho yakamtoka. Chini ya kiolezo cha sketi, kama chini ya kila kiolezo alichokata maishani, palikuwa na nafasi ya pindo, sentimita tatu zinazoachwa ili kitambaa kikunjwe. Na pembeni mwa kile cha gitaa, kwa mkono wake mwenyewe uliozoea, bila kufikiri, alikuwa ameacha sentimita tatu. Gitaa halikunjwi. Sentimita tatu ni kama upana wa freti moja, na matundu yote yalikuwa yamesogea freti moja, umbo likaanzia ya tatu huku besi ya Waya ikiwa bado kwenye ya pili.

Miaka thelathini na moja bila kukosea, na sasa ameliwekea gitaa pindo! Alijikasirikia mpaka akaketi. Akaikata ile nafasi kwa kisu, akaitupa, na mchana akaenda kusimama mlangoni kwa Waya.

"Nilikosea mimi," alisema. Maneno yale yalimtoka kwa shida kama mfupa kooni.

"Ingia, chai inapoa," alijibu Waya.

Sasa noti zilikaa sawa, lakini wimbo ukaendelea kuinama. Waya akasikiliza amefumba macho. Akasema, "Umehamia nyumba mpya, lakini jioni unarudi kulala kwa zamani." Akamweleza kwamba kwenye maina, noti ya nyumbani, ile ambayo wimbo hutua, ilikuwa chini ya kidole cha shahada. Kwenye meja, umbo likisharudi nyuma, nyumbani kunahamia chini ya kidole cha mwisho, kwenye uzi mnene kabisa na kwenye ule mwembamba kabisa. Vidole vyote ni vilevile, ila mwenye nyumba amebadilika.

Kidole cha mwisho! Kidole ambacho maisha yake yote hakikuwa na kazi ila kushikilia ncha ya kitambaa. Kilikuwa kifupi, kigumu, na baridi ilipokuja kilikuwa cha kwanza kuuma. Alikifundisha kwa wiki tatu. Alikifundisha mezani kwa kukibonyeza kwenye ukingo wa meza huku akikata, na chooni, na akimsubiri baba amalize kuoga. Alikitukana. Na siku moja saa saba na robo mchana, kikatua kwenye uzi mnene, na wimbo ukafika nyumbani.

Watu husema meja ni skeli ya furaha. Mkasi hakuona furaha yoyote pale. Alichokisikia ni mtoto wa miaka kumi na mitatu anayetunga uzi, ambaye bado hajaibiwa kitu chochote na anadhani baba yake ni mtu mzuri. Maina yote aliyopiga kwa miezi mitano haikuwahi kumtia hasira kama ile. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, aliendelea na sehemu ya pili, ile ya pindo refu, ikapanda, ikazunguka, ikashuka.

Waya alikuwa na kifaa chake cha kuchomelea waya mkononi. Akakiweka chini bila kutazama, kikaanza kuunguza gazeti.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye pindo la shuka. Zamani."

Alimweleza yote. Waya alisikiliza huku akizima gazeti kwa kikombe cha chai.

"Kila tulipofika pale katikati," alisema, "baba yako alikuwa anakasirika. Mazoezini anasimamisha bendi. Anasema, 'Hapa kuna kitu, hapa kuna kitu.' Halafu hakipati, anaanza kukimbiza vidole. Miaka yote ile. Tulidhani ndiyo usanii wenyewe."

"Alikasirika yeye?" Mkasi aliuliza. "Yeye ndiye aliyekasirika?"

"Usinifokee mimi, mwanangu."

"Nimfokee nani? Ninyi mlikuwa watu sita kwenye bendi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza wimbo kautoa wapi?"

"Hakuna," alisema Waya, akainamisha kichwa.

Jumamosi ile Mkasi aliamka mapema, akapika, akasonya, akapika tena. Ukumbi ulijaa wazee waliovaa suti za ujana wao, vifungo vikipigana na matumbo. Mzee Vidole aliwekwa mbele kabisa kwenye kiti chenye mito. Mkasi, na aproni yake, alizunguka na birika la chai. Mwenyekiti wa chama alihutubia kwa nusu saa, akamshukuru Mungu, serikali, kamati, na mwenye kupanga viti. Wapishi hakuwakumbuka.

Kisha bendi ikapanda. Waya alikuwa kwenye besi, mdogo wa Mkasi mbele na gitaa la baba, koti jeupe. Akapiga sehemu ya kwanza, akaipiga vizuri, haikatazwi kusema ukweli. Halafu akafika katikati, akamwaga yale mahindi, mbiombio, juu chini, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mkasi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alimtazama baba. Mzee hakuwa anapiga makofi. Alikuwa ameukunja uso, midomo ikicheza kidogo, kama mtu anayetafuta miwani yake mfukoni na haioni.

Mshereheshaji akampa mzee kipaza sauti. "Na sasa, Mzee wetu atamkabidhi mwanawe gitaa hili na wimbo huu..."

"Haujaisha," alisema Mkasi.

Hakupaza sauti, lakini ilikuwa sauti iliyozoea kushindana na kisu cha umeme. Vichwa vikageuka. Alikuwa ameshaweka birika juu ya meza ya mwenyekiti, juu ya hotuba, na alikuwa anapita katikati ya viti.

"Dada, chai," alisema mdogo wake huku amebana meno.

"Wamekunywa. Nipe hilo gitaa."

"Dada, unatuaibisha mbele za watu."

"Nipe."

Mdogo mtu akalikumbatia gitaa kifuani. Ndipo Waya alipozungumza kutoka nyuma, bila kipaza sauti. "Mpe, bwana. Mpe, mimi nitamfuata kwa besi."

Akaketi kwenye kiti cha mpiga gitaa. Hili ndilo gitaa alilochapwa kwa ajili yake. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. Akarudisha mkono nyuma, freti tatu, na hakukuwa na chaki yoyote pale ila hakuihitaji. Akapiga sehemu ya kwanza polepole, jinsi inavyoimbwa na mtu anayetunga uzi. Wazee wakaguna kwa kuitambua. Baadhi walitabasamu kumwonea huruma, binti wa mzee naye anajaribu.

Akafika katikati. Hakukimbia. Akaipiga ile ya pindo refu, ikapanda noti kwa noti, na Waya akaifuata chini yake kama alivyofundishwa kibandani, na huko juu ikazunguka, hata wanaotafuna wakaacha. Ikashuka. Kidole cha mwisho, kile kifupi, kikatua kwenye uzi mnene kikatulia hapo.

Hakuna aliyepiga makofi. Mdogo wake alikuwa amesimama mdomo wazi, akimtazama dada yake kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta chumba asichowahi kukiona. Mzee Vidole alikuwa ameegemea mbele kwenye mito yake, uso wote umekunjuka, kipaza sauti bado kipo mkononi mwake na kiko wazi. Alionekana mwenye furaha, mtu wa watu. Alikuwa amesahau kwamba kuna watu.

"Hapo!" alisema, na ukumbi mzima ukasikia. "Hapo ndipo sikuwahi kupasikia vizuri. Cherehani ya mama yako ilikuwa inanguruma."

Kikombe kimoja kilianguka mahali fulani nyuma. Mwenyekiti akautazama mkono wake, ulioshika kalamu juu ya daftari la chama. Mzee mwenyewe bado alikuwa akitabasamu, akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka alipoona nyuso, akaanza kuelewa alichosema.

Mkasi alilisimamisha gitaa juu ya goti lake. Alikuwa amengoja maneno yale tangu utotoni, na alikuwa amedhani yakija yatamtuliza. Hayakumtuliza hata kidogo.

"Kati yetu palikuwa na pazia tu, baba," alisema. "Ungeniuliza."